Laptopu nyepesi ya Windows kwa milioni moja na kidogo: mpya ya bei ya chini au mtumba wa kiofisi?

Mhasibu_Mzunguko

Wakuu habari za humu.

Naomba mnisaidie kuchagua laptopu ya kazi. Nawaandikia vitabu wafanyabiashara wadogo, sina ofisi ya kudumu. Leo niko Mbezi, kesho Kariakoo, keshokutwa Kibaha. Mwendokasi, daladala, bodaboda, begi mgongoni muda wote. Ninayotumia sasa ni ya inchi 15.6, kilo mbili na ushee kabla hujaweka chaja, na betri yake imeshajifia. Umeme ukikatika kwa mteja naanza kuangalia simu mpaka urudi.

Ninachotaka: iwe ya Windows (natumia programu ya uhasibu ya TallyPrime, kwa hiyo wa Mac na Linux naomba mpite kwa amani), inchi 13 au 14, ifungue mafaili ya Excel yenye mistari makumi elfu bila kuganda, na betri inifikishe angalau saa tano. Gemu sichezi, video sihariri.

Mfukoni nina milioni moja na laki mbili, humo humo chaja na begi.

Kariakoo nimezunguka nikapewa hizi: ASUS Vivobook Go 14 mpya kwenye boksi, Ryzen 5 7520U, GB 8, milioni moja na laki moja. HP EliteBook 840 G5 mtumba, laki sita na nusu. ThinkPad X280 mtumba, laki sita. Kila muuzaji anaapa ya kwake ndiyo yenyewe. Wenye uzoefu nisaidieni.

Jogoo la Ubungo

Naweka kiti hapa. Na mimi natafuta.

Kijana wa Tegeta

Mkuu chukua mpya, usijisumbue. Mtumba unanunua ugonjwa wa mtu mwingine. Mpya ina dhamana ya mwaka, betri haijachoka, haijafunguliwa na fundi yeyote. Hiyo Vivobook Go 14 ni kilo 1.38, nyepesi kuliko hiyo EliteBook. Mjadala ufungwe.

Fundi Bisibisi

Usifungwe kwanza.

Mkuu Mhasibu, kabla hatujafika kwenye modeli tuondoe zisizofaa. Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameongeza masasisho ya usalama kwa watu wa kawaida hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni nafasi ya kuhama tu, si ya kununulia mashine. Unachonunua leo kiwe kinaingia Windows 11 kihalali. Kwa Intel maana yake ni kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Ndiyo maana utaziona 840 G3 na X260 zinauzwa kwa bei ya kukurusha roho. Muuzaji atakwambia "mbona ina Windows 11, tazama mwenyewe!" Ni kweli inawaka, imelazimishwa kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu iitwayo Rufus. Itaenda, ila sasisho kubwa la mwaka haliji lenyewe, na ikigoma huna wa kumlaumu.

Sasa soma namba ya prosesa taratibu. i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-10310U ni cha 10. i5-1135G7 ni cha 11. Na hapa pana mtego ambao watu wanaingia kila wiki: 840 G5 ilitoka na prosesa za kizazi cha 8, na nyingine zikatoka na za kizazi cha 7. Kasha lile lile, nembo ile ile. Ukikuta i5-7300U ndani ya G5, iache mezani. Si suala la Windows 11 pekee: ile ya kizazi cha 7 ina kori 2 (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), i5 za kizazi cha 8 zina kori 4. Kwenye Excel ya mistari makumi elfu utaiona tofauti bila kuambiwa.

Pili, RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, zile GB 8 au 16. X280 ni raha kuibeba, kilo 1.2 hivi, lakini RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua yenye GB 8 utazeeka nayo na GB 8. 840 G5 ina sloti mbili, unafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi na kuongeza. Hiyo Vivobook Go nayo RAM imechomelewa.

Na usiseme "nitaongeza baadaye". Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025. Viwanda vikubwa vya memori ni vitatu tu duniani, Samsung, SK Hynix na Micron, na vyote vimegeukia seva za akili mnemba ambako kuna hela. Micron wametangaza hata kuacha biashara ya Crucial, zile RAM na SSD (diski za kuhifadhia) tulizozoea kuwawekea wateja. Nunua mashine ambayo GB 16 zimo ndani tayari.

Kijana wa Tegeta

Fundi unatetea mkate wako. Watu wote wakinunua mpya utamfungulia nani?

Fundi Bisibisi

Wakinunua mpya za bei ya chini ndiyo nakula vizuri zaidi. Bawaba za plastiki zinavunjika, kioo kinakuja mkononi. Laptopu za kiofisi kama EliteBook, Latitude na ThinkPad zina kasha la chuma au plastiki iliyoimarishwa, na spea zake zimejaa mjini. Betri ya 840 G5 naipata leo leo. Betri ya modeli mpya iliyotoka mwaka jana uagize usubiri.

Ila sikatai yote uliyosema. Betri mpya ni betri mpya, na 7520U inakula umeme kidogo. Kwa mtu wa Word na barua pepe naiona inafaa. Tatizo langu ni hiyo namba. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000 tazama tarakimu ya tatu: 7520U ina 2, maana yake ni Zen 2, usanifu wa 2019. 7530U ni Zen 3. 7540U ni Zen 4. Ile 7 ya mwanzo wanaibandika ili uone ni mpya. Milioni moja na laki moja kwa kori za 2019 na GB 8 zisizoongezeka, kwa mhasibu, hapana.

Mhasibu_Mzunguko

Asanteni sana. Fundi umenifumbua macho hapo kwenye tarakimu, muuzaji aliniambia "7 ni kubwa kuliko 5 dada" nikanyamaza. (Ndiyo, ni dada, endeleeni na mkuu wenu tu.)

Sasa swali: nitajuaje betri ya mtumba ni nzima? Wote wanasema "saa sita hii".

Fundi Bisibisi

Hakuna haja ya kumwamini mtu, mashine yenyewe inasema. Washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, ingia. Kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili liitwalo battery-report.html. Lifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo iliobaki nao leo. 840 G5 ilitoka na Wh 50 (wati-saa), kwa hiyo juu utaona 50,000 hivi. Chini ukiona 42,000, safi. Ukiona 31,000, imebaki asilimia 62. Kazi zako, mwanga wa kioo ukiwa wa kati, zinakula wati 7 hadi 10. 31 gawa kwa 8 ni saa nne kasoro. Hapo ama uachane nayo ama muuzaji akupunguzie bei ya betri mpya.

Angalia na CYCLE COUNT, ingawa mara nyingine inasoma sifuri au mstari tu. Na ukiona FULL CHARGE inalingana na DESIGN mpaka tarakimu ya mwisho kwenye laptopu ya 2018, betri imebadilishwa. Hapo uliza ni ya nani. Zipo feki zinazojitangaza Wh 50 huku zinazima ghafla zikiwa asilimia 30. Dawa yake ni kukaa nayo dukani nusu saa bila chaja, video inacheza, unatazama asilimia inavyoshuka. Ikishuka kwa kuruka ruka, simama uondoke.

Mwana Kibokoni

Niko Mombasa, naongezea la kwangu, maana hili halijatajwa na ndilo lililonichoma.

Ndugu yangu alininunulia Latitude nzuri sana kwa duka moja mjini, jina silitaji. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Baada ya miezi nikaamua kuifuta niisimamishe Windows upya. Ilipofika pahala pa kuunganisha intaneti, badala ya kuniuliza jina langu ikaleta jina la kampuni ya Ulaya na kutaka barua pepe ya kazini. Yaani mashine bado imesajiliwa kwa kampuni ile. Muuzaji aliisimamisha bila intaneti ndipo akaiuza, kwa hivyo hakuna kilichoonekana. Nikimpigia ananiambia "iweke tena bila intaneti". Nimeiweka, lakini kila nikiifuta yarudi kule kule.

Dada, uliza kabla ya kulipa. Tena usiulize, ifute hapo hapo dukani.

Fundi Bisibisi

Hili la kaka wa Mombasa lishikeni. Linaitwa Autopilot. Usajili umekaa kwa Microsoft, si ndani ya diski, hata ukibadilisha SSD linarudi. Wa kulifuta ni ile kampuni yenyewe. Mwombe muuzaji airudishe mashine upya na aiunganishe na wifi ya simu yako mbele yako. Ikikusalimia kama mtu wa kawaida, salama. Akikataa kwa sababu "itachukua muda", huo muda unao.

Ingia na BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows: HP bonyeza F10 inapowaka, Lenovo F1, Dell F2. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, achana nayo hata kama ni ya bure. Humo humo tazama sehemu ya usalama kama Computrace au Absolute, mfumo wa kufuatilia mashine, imewashwa. Ikiwa hai kuna mwenye uwezo wa kuifunga akiwa mbali.

Windows yenyewe: nenda Settings, System, Activation. Nyingi za kiofisi zilikuja na Windows Pro na leseni yake imefungamana na bodi, kwa hiyo ukiisimamisha upya ikiwa na intaneti inajitambua yenyewe bila kulipa chochote. Ukiona inadai kuwa inatumia seva ya taasisi, wameipitisha mlango wa nyuma. Kwa mtu anayeshika hesabu za watu, usikae na programu ya wizi iliyoletwa na flashi ya dukani. Futa yote, anza upya.

Sauti ya Ruwi

Salaam kutoka Muskati. Kama una mtu wa kukubebea kutoka Dubai, maduka ya kompyuta yamepangana Bur Dubai kwenye barabara ya Khalid bin Al Waleed, za mtumba na mpya. Lakini kuwa na macho kwenye kibodi. Nyingi za huku zina herufi za Kiarabu pembeni, hizo hazina taabu, Kiingereza kipo pale pale. Taabu ni za Ujerumani ambazo Z na Y zimebadilishana, na za Ufaransa ambazo hata A haipo mahali pake. Za Uingereza ni sawa, ila alama ya @ na ya mtajo zimebadilishana nafasi na Shift ukibonyeza 3 inatoa pauni. Mhasibu nadhani hataona tabu kuona pauni.

Wengine wanabandika stika za herufi juu ya kibodi ya Kijerumani na kuiuza kama ya Kiingereza. Pitisha kucha kwenye ukingo wa kitufe, stika utaihisi.

Mhasibu_Mzunguko

Pauni naomba ziingie mfukoni, kwenye kibodi hazinisaidii.

Nina mtu Dubai lakini ikiharibika nitamrudishia nani? Nabaki Kariakoo.

Kijana wa Tegeta

Kwa hiyo mmemshawishi. Haya basi, angalau asichukue G5, ni kilo 1.48, alianza kwa kulalamika uzito.

Fundi Bisibisi

Hapo uko sahihi na nilikuwa nataka kufika huko. Dada, una milioni moja na laki mbili, kwa nini tumekwama kwenye mashine ya laki sita na nusu? Panda kidogo. 840 G7 na G8 zilibadilishwa kasha, zikashuka hadi kilo 1.3 na kitu, bado zina sloti mbili za RAM. Kioo inchi 14, kingo nyembamba. G7 ni kizazi cha 10, G8 ni cha 11. Ukitaka ndogo zaidi kuna 830 G5 na G6, inchi 13.3, kilo 1.3 hivi, sloti mbili pia. Upande wa Dell, Latitude 7490 ina sloti mbili na inaanzia kilo 1.4. Upande wa ThinkPad, T480s ni kilo 1.3, RAM kiasi imechomelewa na sloti moja imebaki. X1 Carbon usiiguse isipokuwa ni ya GB 16, maana hiyo yote imechomelewa. Uzuri wake unakufanya usahau kuuliza.

Kwa kasi, kati ya G5 ya kizazi cha 8 na G7 ya kizazi cha 10 hutaona tofauti kwenye Tally. Unalipia uzito na umri wa betri. Kwa mtu wa mwendokasi hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. G8 ndiyo inaruka kidogo, hasa kwenye picha za kioo, ikiwa RAM ziko mbili (8 na 8) badala ya moja ya 16.

Pima uzito pamoja na chaja. Chaja ya zamani ya HP yenye pini ni tofali. G5 kwenda mbele zinapokea chaji kwa tundu la USB-C, kwa hiyo chaja ndogo ya wati 65 inatosha, na ndiyo hiyo hiyo itakayochaji simu yako.

Jogoo la Ubungo

Na kioo jamani? Niliona G5 moja nikadhani macho yangu yana shida.

Fundi Bisibisi

Huenda ilikuwa na Sure View. Ni kioo cha kuzuia wanaochungulia: ukikaa pembeni kinafifia. Kuna kitufe chake, F2. Kwenye daladala kinafaa, ila hata kikizimwa kinabaki na ukungu fulani na wengine hawakipendi. Si kibovu, lakini wasikuuzie kwa bei ya kioo cha kawaida bila wewe kujua.

Kikubwa zaidi ni idadi ya nukta. X280 na G5 nyingine zina kioo cha 1366 kwa 768. Kwenye Excel unapoteza safu na mistari, unashinda unavuta huku na kule. Taka 1920 kwa 1080 na kioo cha IPS, aina inayoonekana vizuri kila upande. Njia ya haraka: inamisha kioo nyuma na mbele. Rangi zikigeuka kama picha ya filamu isiyosafishwa, ni TN, aina duni, rudisha.

Mhasibu_Mzunguko

Nimerudi, wakuu. Leo nimekwenda Kariakoo na orodha yenu kwenye simu.

Duka la kwanza, G5. Nikafungua cmd, kijana wa duka akaita mwenzake, "njoo uone dada anadukua". Ripoti: DESIGN 50 elfu na kidogo, FULL 28 elfu. Prosesa i5-7300U! Ile ile ya fundi. Nikawaambia hii haistahili Windows 11, wakanyamaza, halafu mmoja akasema wateja hawaulizagi hayo.

Duka la pili, 840 G7, i5-10310U, RAM 8 na 8, SSD GB 256, kioo 1920 kwa 1080 bila Sure View. Ripoti ya betri: 53 elfu kwa 45 elfu. Kibodi ya Uingereza, nimepitisha kucha, hakuna stika. BIOS imefunguka bila nywila. Ina mkwaruzo kwenye mfuniko na mpira mmoja wa chini umetoka. Wanataka laki tisa na nusu, wamekubali laki tisa na dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi. Nimewaambia waifute kwa wifi ya simu yangu, wamesema nirudi kesho asubuhi. Hela sijatoa.

Kuna cha kuogopa?

Fundi Bisibisi

45 kwa 53 ni asilimia 85, nzuri sana kwa umri huo. Utapata saa tano zako. Mpira wa chini unanunuliwa, usiuache, bila huo mashine inayumba mezani na feni inakosa hewa upande mmoja.

Kesho ukienda: kwanza ufute uone kama inakusalimia. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, hasa Enter, Space, mishale na namba, maana ndizo utakazozichosha. Chomeka chaja kwenye tundu la USB-C na uitingishe taratibu. Chaji ikikatika katika, tundu limelegea na kulibadilisha si kazi ndogo. Chomeka flashi kila tundu. Piga simu ya video kwa mtu ujaribu kamera na maiki, na uangalie kile kizuizi kidogo cha kamera kisiwe kimefungwa ukadhani imekufa. Halafu pakua CrystalDiskInfo utazame afya ya SSD. Juu ya asilimia 80 usijali.

Dhamana iandikwe na serial namba ya mashine, si "laptopu HP moja". Laptopu HP moja ni zote.

Mwana Kibokoni

Serial ya chini ya kasha ilingane na ile iliyo ndani ya BIOS. Yangu hazikulingana, nilikuja kujua baadaye.

Mhasibu_Mzunguko

Imepita. Ilivyofutwa ikaniuliza nchi na lugha, hakuna jina la kampuni yoyote. Leseni imejitambua yenyewe, Windows 11 Pro. SSD asilimia 93. Serial zinalingana. Nimelipa laki tisa, risiti ya EFD ninayo, ningekuwa mhasibu gani bila risiti.

Chaja waliyonipa ni ile ya pini, nzito. Wana ndogo ya USB-C, haina hata jina la kampuni. Ninunue wapi ya maana, na je, ya simu yangu ya wati 33 haiwezi?

Fundi Bisibisi

Hongera dada. Ya simu ya wati 33 itakwambia chaja ni ndogo, na nyingi za simu zinatoa wati hizo kwa mtindo wa kampuni yao wenyewe, laptopu hazizielewi. Tafuta iliyoandikwa PD na volti 20, ampea 3.25. Hiyo ndiyo wati 65. Kebo nayo iwe ya kubeba wati 100, kebo nyembamba ya simu inapunguza. Isiyo na jina usiiweke kwenye mashine ya laki tisa. Ile ya pini iache nyumbani iwe ya akiba.

Na fungua Excel yako, ile kubwa, utuambie.

Mhasibu_Mzunguko

Nimefungua mbili pamoja na Tally, feni haijalia. Nipo njiani Kibaha, betri asilimia 71, konda ananiuliza kama nauza.

Jogoo la Ubungo

Dada, duka la pili jina lake nani? Waliziacha nyingine?

Mhasibu_Mzunguko

Njoo PM. Zilikuwepo mbili, moja ina Sure View, uliza kabla.